Fedha za Simu Zikatwazo Bila Ridhaa

Wazee wetu walisema kwamba chovya chovya humaliza buyu la asali. Methali hiyo twaikumbuka kila tusikiapo malalamiko ambayo siku hizi yamekuwa ya kawaida katika soko la Manundu pale Korogwe, na katika vibanda vya mawakala wa Chanika, Handeni. Mtu husema: "Jana jioni niliweka vocha ya shilingi elfu moja. Asubuhi naamka, salio limeliwa, wala sikumpigia mtu." Wengine hucheka, wengine huulaumu mtandao, na walio wengi hununua vocha nyingine wakaendelea na kazi zao. Shilingi mia, husema, si kitu cha kugombania.

Sisi twaona kwamba ni kitu cha kugombania, ila kwa utaratibu na kwa ujuzi. Kwa hiyo juma hili twaitoa nafasi hii kwa somo moja: fedha za simu huondokaje bila ridhaa ya mwenyewe, na mwenyewe afanye nini. Twawaomba wasomaji walisome polepole, ikiwezekana pamoja na watu wa nyumbani mwao, simu ikiwa mkononi.

HESABU YA SHILINGI MIA

Tuseme mama mmoja auzaye ndizi katika stendi ya Korogwe hukatwa shilingi 100 kila siku kwa huduma asiyoiomba. Kwa siku 30 zimekwisha shilingi 3,000. Kwa mwaka zimekwisha shilingi 36,500. Kama mtu angemjia akamwomba fedha hizo zote kwa mara moja, mama huyo angepiga kelele hata stendi nzima ikasikia. Lakini kwa kuwa zachukuliwa mia mia, hapigi kelele, na pengine hata hajui.

Sasa tuigeuze hesabu hiyo tuitazame kwa upande wa mchukuaji. Akiwapata watu 10,000 wa namna hii, amepata shilingi 1,000,000 kila siku. Watu 10,000 si wengi: laini za simu nchini Tanzania zilipita milioni 80 mwaka 2024. Basi mwenye kuchukua kidogo kwa wengi hahitaji kumwibia mtu yeyote kitu kikubwa. Ahitaji jambo moja tu, kwamba kila mmoja aone kuwa kilichopotea kwake ni kidogo mno asijisumbue kuuliza. Faida yake yote imejengwa juu ya kutouliza kwetu.

SI KILA MAKATO NI WIZI

Asiyeujua ugonjwa hawezi kuchagua dawa. Kabla ya kumshitaki mtu yeyote, hatuna budi kupambanua makato ya namna nne.

Namna ya kwanza ni makato ya haki. Hayo ni bei ya maongezi, bei ya ujumbe, ada ya kutuma na kutoa fedha, pamoja na kodi zilizowekwa kwa sheria. Twaweza kuyaona kuwa ni makubwa, na raia ana haki ya kusema hivyo. Tozo ya miamala ya simu iliyoanza tarehe 15 Julai 2021 ililalamikiwa sana, na Serikali ikaipunguza mwezi wa Septemba mwaka ule ule. Lakini malalamiko ya namna hiyo hupelekwa kwa watunga sheria. Kumgombeza wakala wa Mkata au wa Mombo kwa ajili ya kodi ni kumwonea bure.

Namna ya pili ni makato yatokanayo na kutojua kwetu. Kifurushi cha intaneti kikiisha nayo data imeachwa wazi, simu yaweza kuendelea kutumia salio la kawaida, ambalo bei yake ni ghali kuliko ya kifurushi. Programu zilizomo ndani ya simu hazilali. Usiku, mwenyewe akiwa amelala, hupokea picha, hujiongezea matoleo mapya, hutafuta habari. Vile vile mtu akikopa salio, au mtoto wake akimkopea bila kumwambia, deni pamoja na ada yake hukatwa mara tu vocha mpya iingiapo. Hapo mtu huapa kwamba ameibiwa, kumbe amelipa deni.

Namna ya tatu ndiyo kiini cha somo letu: makato ya huduma za ziada. Huduma hizo ni nyingi. Kuna wimbo anaosikia mpigaji akisubiri simu ipokewe; kuna habari za mpira, mizaha, maneno ya mapenzi, mashauri ya afya, michezo ya bahati, hata maneno ya dini ya kila asubuhi. Kwa kawaida huduma hizi hutolewa na makampuni mengine yaliyopatana na mtandao wa simu, hutumia namba fupi, na hukata fedha kila siku au kila juma mpaka mtu ajitoe. Aliyeziomba kwa hiari yake hana la kulalamika. Lakini wako waliojikuta ndani yake pasipo kujua waliingiaje.

Namna ya nne ni wizi mtupu, yaani kazi ya matapeli wapigao simu na kutuma ujumbe wa uongo. Hao tutawarudia baadaye.

RIDHAA HUTOLEWA WAPI?

Katika biashara ya haki, muuzaji husema bei, mnunuzi hukubali, ndipo fedha hutoka. Sokoni twalijua jambo hili vizuri. Hakuna mwuza mahindi wa Handeni awezaye kumwekea mtu debe mlangoni usiku, kisha asubuhi akadai malipo kwa kuwa mwenye nyumba hakulikataa.

Katika simu, neno "ndiyo" husemwa kwa kidole. Ridhaa yaweza kutolewa kwa kubonyeza tarakimu 1 katika orodha iliyotokea ghafula juu ya kioo, au kwa kujibu ujumbe uletao swali jepesi na zawadi kubwa. Yaweza kutolewa kwa kubonyeza tangazo lililofunika ukurasa tuliokuwa tukiusoma, au na mtoto achezaye mchezo katika simu ya baba yake. Maneno yaliyo makubwa huwa ni ya zawadi. Maneno ya bei huwa madogo, au huja mwishoni.

Kwa hiyo twaweka kanuni tatu. Kwanza, orodha ikitokea juu ya kioo nawe hukuiita, usibonyeze tarakimu yoyote; ifute. Pili, usijibu ujumbe wa namba fupi usiyoijua, hata kama waahidi gari au mamilioni; bahati nasibu usiyoicheza huwezi kuishinda. Tatu, kabla ya kubonyeza "kubali", tafuta neno la bei na neno la muda, yaani ni shilingi ngapi, na ni kwa mara moja au kwa kila siku. Ukikosa kuyaona maneno hayo mawili, usikubali.

TUJIFUNZE KWA YALIYOTOKEA MAREKANI

Pengine msomaji atasema kwamba mambo haya hutupata sisi kwa sababu ya umaskini na elimu ndogo. Sivyo. Huko Marekani watu wengi hulipa simu mwisho wa mwezi, nao hupata hati ya madai iliyoandikwa kila kitu. Hata hivyo mamilioni yao walitozwa kwa miaka, mara nyingi dola 9.99 kila mwezi, kwa ajili ya ujumbe wa nyota za kuzaliwa, umbeya wa waigizaji na milio ya simu ambavyo hawakuviomba. Makato hayo yalikuwa yamefichwa ndani ya hati ndefu, chini ya majina yasiyoeleweka.

Mwezi wa Julai 2014, Tume ya Biashara ya nchi hiyo iliishitaki kampuni ya T-Mobile, ikidai kwamba kampuni yenyewe ilibaki na sehemu kubwa ya fedha hizo, hata kufikia asilimia 35 mpaka 40. Mwezi wa Desemba mwaka ule kampuni ilikubali kulipa dola zisizopungua milioni 90. Kampuni ya AT&T ilikuwa imekwisha kukubali mwezi wa Oktoba kulipa dola milioni 105. Mwezi wa Mei 2015 zikafuata Verizon kwa dola milioni 90 na Sprint kwa dola milioni 68. Na mwishoni mwa 2016, wateja zaidi ya milioni 2.7 wa AT&T walitangaziwa marejesho ya jumla ya dola zaidi ya milioni 88.

Kisa hiki chatufundisha mambo mawili. La kwanza, tusidhani kwamba mtandao wetu wa simu utatulinda wenyewe bila kuulizwa, maana aliye na fungu katika makato hana haraka ya kuyachunguza. La pili, fedha zilirudi kwa sababu watu walilalamika, wakaandika madai, na mamlaka ikawa na ushahidi mkononi. Huko kulikuwa na hati ya kila mwezi. Sisi tulio wengi twalipa kabla ya kutumia, wala hatupati hati yoyote. Kwa hiyo ushahidi hatuna budi kuuandika wenyewe.

JINSI YA KUCHUNGUZA

Chukua daftari dogo, hata la mtoto wa shule lililobaki kurasa. Andika kila siku uwekapo vocha: tarehe, kiasi, na salio lililoonekana baada ya kuweka. Kazi hiyo haizidi dakika moja.

Ukishuku kwamba salio linaliwa, fanya jaribio la usiku mmoja. Kabla ya kulala, zima data kabisa. Tazama salio, uliandike pamoja na saa. Asubuhi, kabla ya kupiga simu au kuwasha data, tazama tena. Kama salio ni lile lile, basi mlaji alikuwa intaneti, na dawa yake ni kuzima data kifurushi kiishapo, na kuzikataza programu zisijiongezee matoleo mapya kwa salio lako. Simu nyingi za kisasa zina mahali katika mipangilio paonyeshapo kila programu imetumia kiasi gani, patazame hapo.

Lakini kama salio limepungua nawe data umeizima, hukupiga simu, wala huna deni la vocha, basi huenda uko ndani ya huduma fulani ya ziada. Rudia jaribio usiku wa pili na wa tatu. Salio likipungua kwa kiasi kile kile kila siku, hiyo ni dalili iliyo wazi. Tafuta sasa katika ujumbe wa zamani: mara nyingi utaona ujumbe wa namba fupi usemao kwamba umejiunga, na chini yake neno la kujitoa. Tuma neno hilo kama lilivyoandikwa. Ujumbe wenyewe usiufute, kwa kuwa ndio ushahidi wako.

JINSI YA KUDAI

Kujitoa peke yake hakutoshi. Aliyekatwa bila ridhaa ana haki ya kuuliza, tena ana haki ya kudai arudishiwe. Piga namba 100, ambayo ni ya huduma kwa wateja. Usianze kwa matusi, maana kijana apokeaye simu siye aliyekukata. Muulize maswali manne, na majibu yake uyaandike: Nimeunganishwa na huduma zipi? Nilijiunga tarehe gani, na kwa njia gani? Nimekatwa kiasi gani mpaka leo? Naomba mniondoe na kunirudishia; namba ya lalamiko langu ni ipi? Swali la pili lina nguvu kuliko yote, kwa sababu asemaye kwamba ulikubali yampasa aonyeshe ulikubali lini na jinsi gani.

Usipopata jibu la kuridhisha, jambo halikuishia hapo. Nchi yetu ina Mamlaka ya Mawasiliano, iitwayo TCRA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003. Makao yake makuu yako Dar es Salaam, katika barabara ya Sam Nujoma, nayo ina ofisi ya kanda ya kaskazini huko Arusha. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ilitungwa mwaka 2010, na kanuni za kuwalinda watumiaji zilitolewa chini yake mwaka 2018. Mamlaka hupokea malalamiko ya mtu ambaye kwanza alikwisha kulalamika kwa mtandao wake asipate haki. Ndiyo maana ile namba ya lalamiko ni ya lazima. Liko pia Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano, ambalo kazi yake ni kuwasemea wateja. Na asiyeridhika na uamuzi wa Mamlaka aweza kukata rufani katika Baraza la Ushindani.

Twajua kwamba mtu wa Kabuku au wa Magoma hatafunga safari kwa ajili ya shilingi 3,000. Lakini barua moja iliyotiwa sahihi na watu 20 wa kijiji kimoja, ikitaja huduma ile ile, tarehe, na kiasi walichokatwa, si barua ya shilingi 3,000 tena. Chama cha akiba na mikopo, kikundi cha akina mama, au ofisi ya kijiji vyaweza kuifanya kazi hiyo kwa mchana mmoja.

MATAPELI NA LAINI ZISIZO ZETU

Sasa tuwaseme matapeli. Nani asiyeujua ujumbe wa "ile hela tuma kwa namba hii"? Huenda kwa maelfu ya watu, ukimtafuta yule mmoja ambaye kweli alikuwa karibu kumtumia mtu fedha siku ile. Dawa yake ni kumpigia mwenye kudaiwa kwa namba uliyoijua tangu zamani. Mwingine husema, "Nimekosea, nimekutumia fedha, nirudishie." Usirudishe kwa mkono wako. Tazama salio lako kwanza, maana ujumbe wa kupokea fedha waweza kughushiwa; na kama kweli fedha imeingia, mwambie awaombe watu wa mtandao wake waurudishe muamala. Mwingine hujifanya mfanyakazi wa kampuni ya simu. Watu wa huduma kwa wateja hupiga kwa namba 100. Apigaye kwa namba ya kawaida akaitaka namba yako ya siri ni mwizi, hata akilijua jina lako lote. Mwingine hupiga mara moja kwa namba ya nchi ya mbali na kukata, ili umpigie wewe kwa bei kubwa. Wajapani waliupa ujanja huu jina la wangiri, yaani mlio mmoja kisha kukata. Mwache akate.

Namba ya tapeli ipeleke kwa 15040, ambayo Mamlaka imeiweka kwa kazi hiyo. Na kama fedha zimekwisha kwenda, wajulishe mtandao wako mara moja, kisha nenda polisi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 yawahusu watu hao.

Tena, tangu usajili wa laini kwa alama za vidole ulipoanza tarehe 1 Mei 2019, kila laini imefungwa na kitambulisho cha mtu. Jambo hilo ni jema, lakini limezaa ujanja wake. Wapo wasajili wa barabarani wasemao, "Mashine haijasoma, weka kidole tena," kumbe kwa kidole cha pili wasajili laini nyingine iendayo kwa mtu usiyemjua. Uhalifu ukifanyika kwa laini hiyo, jina litakalosomwa ni lako. Bonyeza *106# uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta namba usiyoijua, nenda katika duka la mtandao huo uikane, iondolewe.

WALE WANAOSOMEWA

Tumeacha kwa mwisho jambo lituumizalo kuliko yote. Katika vijiji vyetu wako wazee wasiojua kusoma, nao hupokea fedha kutoka kwa watoto wao walioko Tanga, Dar es Salaam au Arusha. Mzee humpa kijana simu yake, humtajia namba ya siri mbele ya watu, na kijana humwambia kiasi kilichoingia. Mzee hana njia ya kujua kama ameambiwa kweli. Mtu wa namna hii aweza kukatwa na huduma za ziada, na matapeli, na hata na mjukuu wake, asijue hata mmoja wao.

Twasema kwa vijana waliosoma: kumsomea mzee simu yake ni amana. Umsomee ujumbe wote, uifunike namba yake ya siri hata usiione, na mara moja kwa mwezi umfanyie lile jaribio la usiku. Na kwa watoto walioko mbali twasema: mkishatuma fedha, mpigieni mzee mwenyewe kwa sauti, mumtajie kiasi kamili na ada ya kutolea, ili ajue cha kumwuliza wakala.

MASWALI YA KUJIBU NYUMBANI

1. Katika nyumba yetu, ni nani ajuaye salio lake lilikuwa kiasi gani jana usiku?
2. Je, kuna ujumbe wa namba fupi uletwao kila siku? Nani aliuomba, na bei yake ni shilingi ngapi?
3. Tukibonyeza *106#, namba zote zionekanazo twazijua?
4. Ni mzee yupi jirani yetu asiyejua kusoma, na nani atakwenda kumtazamia simu yake juma hili?

Swali la nne lisipite bila jina la mtu. Lijibuni leo, na kesho jioni, kabla mzee huyo hajalala, mtu huyo awe amefika kwake na daftari.